Ijumaa Tatu Uani kwa Fundi Bakari

Kile chuma hakikuwa geji ya treni, Salimu, na baba yako, Fundi Bakari, hakusema hivyo ila siku ya kwanza tu, alipokuwa akibahatisha kama wenzake. Na hilo la pili ulilosema jana mbele za watu wa matanga, eti kosa langu lilikuwa dogo, la kusoma karatasi tu, na kama ningesema palepale yangekwisha palepale, hilo nalo si kweli. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa wakila na marehemu baba yako hajamaliza hata siku tatu kaburini. Lakini nilipofika nyumbani nililitoa daftari langu la mwaka ule, lenye jalada lililoliwa na mende, nikasoma mpaka macho yakauma. Sasa naandika, usije ukawasimulia wajukuu zako jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona. Ulikuwa hujazaliwa.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikingoja barua ya serikali ya kupewa kazi. Kwa nini nilikuwa nikiingojea Msambweni, kwa shangazi yangu, na si kwetu, hilo halina kazi hapa. Nilipewa chumba cha uani, kuta zake za mawe zimepakwa chokaa, ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Dirisha lake dogo lilitazama jikoni. Kutwa nilikaa mle nikiandika, na kwa kuwa dirisha halikuwa na pazia nilisikia kila lililosemwa juu yangu. Siku moja jirani alimwuliza shangazi, "Huyu mtoto wako mbona hatoki?" Shangazi akasema, "Anaandika." "Anaandika nini siku zote hizo?" "Sijui. Labda anatuandika sisi." Jirani akasema, "Basi mwambie aandike kwamba nilikuja kuomba chumvi ukaninyima." Wakacheka wote wawili. Mimi nami nilicheka, peke yangu, huku ndani, nikiuziba mdomo ili wasinisikie. Leo naona ningetoka tu nikacheke nao. Lakini siku zile nilijiona nimesoma mno kwa ajili ya jiko lile, na walio jikoni nao waliliona hilo, wakaniacha. Wasichana niliocheza nao hapo utotoni nikija likizo walikwishaolewa, wakinikuta kisimani walinisalimu kwa adabu kama wanavyomsalimu mgeni. Rafiki yangu wa shule nilimwandikia barua nne asijibu hata moja. Chakula nililetewa chumbani, mihogo ya nazi na kipande cha samaki, sahani imefunikwa kawa, kama mgonjwa.

Kwa baba yako nilifika kwa sababu ya stovu. Stovu ya shangazi ilikuwa ikitema moshi, nami nikatumwa niipeleke, Ijumaa, baada ya sala. Sikujua kwamba Ijumaa Fundi Bakari hafanyi kazi za watu. Baiskeli zote zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na huko uani, chini ya kipaa cha makuti, wanaume walikuwa wameketi kuzunguka jamvi. Kila mmoja alikuwa ameleta kitu alichokitengeneza kwake, si cha kuuza, cha kujifurahisha tu. Na walikuwa na mtindo wao ambao sijauona kwingine. Mwenye kitu hakisemi ni cha nini. Anakiweka jamvini, anasema, "Kitendawili," wenzake wanajibu, "Tega," halafu wanakishika, wanakigeuza, wanabahatisha. Wakishindwa wanampa mji, naye mwenyewe anaeleza. Siku ile Mwero, yule fundi cherehani, alikuwa ameleta waya na vibati viwili vinavyofungana, na wenzake walikwishampa Vanga na hakutosheka. "Vanga nimechoka nayo," alisema, "kila wiki mnanipa Vanga, barabara mbaya, gari linakwama. Nipeni mji wenye treni." Wakampa Mackinnon Road. Ndipo akasema kile kilikuwa kitu cha kutoboa matundu ya vifungo.

Nilisimama mlangoni na stovu yangu, nikaona haya kuingia na haya kuondoka. Nikasema shikamooni. Wakaitika marahaba, na baba yako akaniuliza, "Wewe si ndiye yule msomi wa kwa Bi Mwanatumu? Hebu njoo. Huenda ukatusaidia."

Kilichokuwa mbele yake kilikuwa kama kopo nene la chuma, duara, ukubwa wa sahani ndogo, ndani ya mfuko wa ngozi wenye mkanda wa kuvaa begani. Kizito. Kilikuwa na kifuniko chenye kufuli, na ubavuni tundu la ufunguo lisilokuwa la kufuli hiyo. Uso hakikuwa nao, wala mshale, wala namba. Alikipata ndani ya kasha la vyuma alilolinunua kwenye shamba la mkonge, Mzungu mwenye shamba alipouza vitu vyake akaenda zake. Kwa hiyo safari hii hata mwenye kitendawili hakuwa na jibu, na Mwero akalalamika, "Sasa mji tunampa nani?" Baba yako ndipo aliposema geji ya treni, ya kupimia mvuke. Mwero akasema ni bomu la wakati wa vita vya Wajapani, tusikitikise. Mimi nikaupangusa ule mgongo wa chuma kwa kanga yangu, nikasoma maneno yaliyochorwa pale: jina la mtengenezaji na onyo kwamba asiye na ruhusa asifungue. Halikuwa jambo kubwa. Lakini wote waliinama kusikiliza wakati nasoma, na nilipomaliza mtu mmoja alinisogezea kigoda. Niliandika usiku ule, na nanakili vilevile: *Leo nimekaa na watu tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, na hakuna aliyeniuliza nitaolewa lini.*

Ijumaa ya pili nilikwenda bila stovu. Shangazi aliniuliza naenda kufanya nini kwenye wanaume, nikamjibu kwa ukali kwamba naitwa kusoma. Nilikuwa na ulimi mwepisi mwaka ule.

Siku hiyo alikuja Mzee Kassim. Kwako usiyemjua, alikuwa mtu mrefu mkimya, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka nakshi zimefutika, na Msambweni nzima walimwita Usingizi. Alikuwa korokoroni wa ghala la mkonge, akafukuzwa kwa kulala zamuni, na tangu hapo hakupata kulinda hata banda la kuku. Watoto walimpita njiani wakijifanya wanakoroma. Alileta mbuzi ya kukunia nazi, lakini si ile ya kukalia. Hii alikuwa ameitilia mkono wa kuzungusha na meno ya baiskeli mbovu, unashika kifuu tu, nazi inashuka kama unga. Ilikuwa nzuri kuliko vitu vyote vya siku ile. Kabla hajaitega akakiona kile chuma jamvini. Akakichukua, akauvaa ule mkanda shingoni bila kuangalia, kama mtu anayevaa shati lake.

"Hii haina haja ya mji," akasema. "Hii ni saa ya korokoroni. Nimeibeba miaka saba."

Akatueleza. Kwenye ghala kulikuwa na pembe sita, na kila pembe ufunguo umefungwa ukutani kwa mnyororo. Kila saa ilibidi azunguke, afike pembeni, atie ufunguo ule kwenye tundu la ubavuni, azungushe. Ndani mna karatasi ya duara inayokwenda na saa, inayozunguka mara moja kwa saa kumi na mbili, na ufunguo unaitia alama. Asubuhi ofisini wanafungua, wanaitoa karatasi, wanaona kila saa mlinzi alikuwa wapi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona ndani. Ufunguo wa kifuniko ulikaa ofisini. Alishika zamu saa mbili za usiku akatoka saa kumi na moja alfajiri, miaka sita na zaidi, na saa haikumlaumu hata siku moja. Kisha bwana wa zamani, Mzungu wa ofisi ile, akaenda likizo, saa ikasimama, akaja bwana mwingine, na kazi ya kufungua saa, kuitia ufunguo na kubadilisha karatasi akaachiwa mweka stoo, mtu wa Vanga. Bwana mgeni yeye alikuwa akiletewa karatasi tu mezani. Haikupita wiki, Mzee Kassim akaitwa akaambiwa umelala, kila usiku unalala, nenda.

"Nami sikulala," Mzee Kassim alisema. Hakupandisha sauti. "Kila pembe nilifika. Nimejiuliza miaka yote hii, hiki chuma kilimwambia nini yule Mzungu." Akamgeukia baba yako. "Karatasi zake ziko wapi?"

Baba yako alikuwa nazo, kwenye bahasha iliyokuwa chini ya kasha. Alikuwa ameziweka azikate washa, zile pete za kuweka chini ya nati. Mzee Kassim aliipokea bahasha kwa mikono miwili, asiifungue, akanipa mimi. "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee. Hata kama ni vibaya, nisomee."

Na kila mtu pale alijua kwa nini anataka. Ushirika ulikuwa umejenga ghala lake la korosho na mbata, la watu wenyewe safari hii, na lilitaka mlinzi. Mzee Kassim alikuwa ameomba. Mwero alikuwa mjumbe wa kamati, na kamati ilikuwa ikae Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nilichukua karatasi ya juu. Namba moja hadi kumi na mbili kwa duara kama uso wa saa, na vijitundu vimepangwa, na pembeni maneno ya Kiingereza kwa kalamu ya risasi. Niliyasoma kwa sauti kisha nikayafasiri: amelala tena, kumi na moja mpaka mbili. Nikaangalia, na kweli. Baina ya kumi na moja na mbili palikuwa peupe. Nikaona furaha, na hilo ndilo linalonikereketa hadi leo, nilifurahi kwa kuwa nililiona haraka. Nikawaeleza kama mwalimu, kwamba Wazungu wanahesabu kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo kumi na moja yao ni saa tano yetu, na mbili yao ni saa nane. "Kwa hiyo," nikasema, "tangu saa tano mpaka saa nane za usiku hakuna alama hata moja. Kila karatasi. Ni vilevile."

Baba yako aliinama juu ya bega langu. "Na hizi alama za hapa penye sita na saba?"

"Hiyo ni asubuhi. Saa kumi na mbili na saa moja."

"Lakini asubuhi alikuwa keshatoka."

"Labda alikuwa akifidia," nikasema, na nikaigeuza karatasi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumaliza, na sikupenda kuulizwa na mtu asiyejua Kiingereza. Nyingine zilizokuwa chini mle bahashani, zisizo na maandishi, sikuzitoa kabisa.

Mwero akacheka. "Mlinzi wa ajabu. Usiku analala, mchana analinda." Na wengine wakacheka, si sana, kwa pua tu. Mzee Kassim alikuwa akinitazama mimi. Alisema, "Basi. Kama ndivyo ilivyoandikwa." Akauvua mkanda shingoni, akaiweka saa jamvini taratibu, akaaga mmoja mmoja. Ile mbuzi yake aliiacha. Hakuna aliyeitega. Nilipotoka ilikuwa bado pale, meno juu, na hapo ndipo Mwero alipoanza kuniita Mwalimu.

Wiki nzima waliniita hivyo. Muuza samaki aliniita hivyo. Hata shangazi, jioni moja, aliniwekea sahani jikoni badala ya kuniletea chumbani, akaniambia, "Kaa hapa, Mwalimu, wasitwambie tunakufungia." Tulikula wali na mchuzi wa papa tukiwa wawili. Ndicho chakula kilichokuwa na ladha kuliko vyote vya mwaka ule. Sitakuficha hilo, Salimu, maana ndilo jibu la lile neno lako la matangani.

Ijumaa ya tatu Mzee Kassim hakuja. Baba yako alikuwa ameifungua saa, ameisafisha kwa mafuta ya taa, na ilikuwa imelala jamvini ikipiga. Ndani, chini ya mahali pa karatasi, ilikuwa na uso mdogo mweupe wenye namba na mishale miwili. "Imekwenda," alisema, amefurahi kama aliyepata mtoto. "Sasa niitie majira." Muadhini alikuwa ndio kwanza amemaliza adhana ya alasiri. Baba yako akasukuma mshale mkubwa mpaka juu, na ule mdogo akauweka penye tisa.

Penye tisa. Kwa sababu ilikuwa saa tisa. Mimi huko shule saa ya ukutani wakati kama ule ilikuwa ikionyesha tatu, na kila siku tulifasiri vichwani bila kufikiri. Lakini baba yako hakuwa na haja ya kufasiri, wala shangazi, wala mtu yeyote pwani hii aliyekuwa na saa yake nyumbani. Mshale unakaa penye saa iliyopo. Na mweka stoo, mtu wa Vanga, alipokabidhiwa ile saa imesimama, angeuweka wapi?

Kumi na moja haikuwa saa tano ya usiku. Ilikuwa saa kumi na moja, ya alfajiri, anapotoka zamu. Na mbili ilikuwa saa mbili, anapoingia. Pale peupe palikuwa nje ya zamu yake, alipokuwa kwake amelala kama kila korokoroni. Bwana mgeni alisoma kwa Kizungu kilichoandikwa kwa Kiswahili, na mimi, niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, nilisoma kama yeye.

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Lakini Mwero alikuwa amekuja na mgeni, katibu wa ushirika, kutoka Ukunda, mtu wa bara mwenye kalamu tatu mfukoni, na wakati uleule akanishika bega akasema, "Huyu ndiye. Mwalimu wetu. Ndiye aliyetusomea ile karatasi, na ndiyo maana yule mzee tumemfuta." Katibu akanitazama vizuri. Akaniuliza nimesoma wapi, Kiingereza changu kikoje. Akasema ushirika unataka karani anayejua kusoma barua za Mombasa bila kukosea. "Njoo kesho kwenye kamati. Saa tatu. Tukuone." Nikasema ahsante. Ndilo neno pekee lililotoka. Barua ya serikali ilikuwa haijaja kwa miezi saba, na hii hapa kazi, na kigoda changu, na watu wananisogezea nafasi. Unasema ningesema palepale. Ungekuwa umekaa chumba kile miezi saba ungejua neno hilo lina uzito gani. Niliomba ile bahasha, nikasema nataka kuiangalia tena, na baba yako akanipa bila kuuliza. Lakini alinitazama, na nafikiri alikuwa bado akizifikiria zile alama za sita na saba.

Nyumbani shangazi alikuwa akipepeta mchele. Nikasimama mbele yake. "Shangazi, ikiwa saa tisa, mshale mdogo unakaa wapi?"

"Penye tisa," akasema. "Huko shuleni mlifundishwa ukae wapi?"

Nikaenda chumbani nikazimwaga karatasi zote kitandani. Zile zisizo na maandishi, zilizokuwa chini, zilikuwa za wakati wa bwana wa zamani, aliyekuwa akiitia saa ufunguo kwa mkono wake. Peupe palikuwa baina ya tano na nane: alfajiri anapotoka na usiku anapoingia, kwa hesabu ya Kizungu. Zile za juu peupe palikuwa baina ya kumi na moja na mbili. Nafasi ileile, upana uleule, saa tatu, imehama kwa saa sita kamili. Hakuna mtu anayehamisha usingizi wake kwa saa sita kamili kwa usiku mmoja. Na vijitundu vilikuwa sita kwa kila saa, sita, sita, sita, karatasi zote, hata zile za wiki ya mwisho. Nilizihesabu nikalia. Hakukosa pembe hata moja. Mtu mmoja katika mji mzima alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na akaniomba mimi nimwambie hivyo, nami nikamwambia kinyume mbele ya rafiki zake wote, kwa sauti nzuri.

Shangazi aliniita nikale, nikasema nakuja. Nilisikia akimwambia jirani, "Kesho anakwenda kuonana na kamati. Atakuwa karani." Na jirani, "Alhamdulillahi. Sasa atatuandika kwa mshahara." Niliwasikia wakicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu wanaojivunia mtu wao. Nikajua kesho jioni huenda nisikisikie. Watu wa kamati hawatapenda kuambiwa kwamba msomi wao hakujua kusoma saa, na kwamba wao walimfuta mzee kwa neno lake.

Nilichoandika kabla sijatoka kwenda kula ni hiki, na kiko mbele yangu sasa hivi: *Kesho saa moja asubuhi nitakwenda kwa Mzee Kassim kabla hajatoka. Sitamtuma mtu. Nitamwamkia, nitampa bahasha mkononi, nitamwambia hukulala, nilikosea mimi, na nitamwonyesha tundu moja moja mpaka aseme inatosha. Kisha nitamwomba anikubalie twende pamoja kwenye kamati, yeye mbele, mimi nyuma. Na katibu akiniuliza kama nimekuja kwa ile kazi ya ukarani, nitamwambia nimekuja kwa ile ya ukorokoroni.*